Paja la kondoo kwenye sufuria ya umeme: kwa nini saa za kijitabu hazitoshi Dar es Salaam

Wenye sufuria ya umeme inayopika taratibu, ile yenye chungu kizito cha kauri ndani na kitufe cha kuchagua moto mdogo au mkubwa, wana lalamiko moja. Mtu kanunua paja zima la kondoo, kafuata kijitabu kilichokuja na sufuria, kaweka moto mkubwa kwa muda wa saa nne kama alivyoelekezwa, na wageni wameishia kuvutana na nyama. Mara ya pili anaongeza maji, anapata mchuzi mwepesi na nyama ile ile. Mara ya tatu haipo. Sufuria inarudishwa kwenye boksi na kupandishwa juu ya kabati.

Nasikitika kila ninapoiona huko juu, maana kwa kupika paja zima hapa jijini sijaona chombo kinachoishinda. Haitaki mtu wa kuuchunga moto, haifanyi jiko liwe tanuri mwezi wa Februari, na unaweza kuiwasha ukaenda zako kufua au kufanya kazi nyingine za nyumbani. Inachotaka ni mpishi ajue nyama hulainikaje. Akishalijua hilo, saa zilizoandikwa kwenye kijitabu hazitamsumbua tena.

Ugumu unakaa wapi

Nyama ya paja ni nyuzi nyingi zilizofungwa pamoja kwa utando mweupe. Utando huo, pamoja na kano zinazoishika nyama kwenye mfupa, umejengwa kwa protini inayoitwa kolajeni. Anayekunywa supu ya makongoro anaijua hata kama hajawahi kusikia jina lake: mchuzi wa makongoro ukilala kwenye friji, asubuhi unaukuta umeganda, unatikisika. Kilichougandisha ni kolajeni iliyoyeyuka ikageuka jelatini. Ulaini tunaoutafuta kwenye paja la kondoo unatokana na mabadiliko hayo hayo. Utando mgumu uyeyuke, uwe ute unaoteleza katikati ya nyuzi, ndipo nyama ikatike kwa kijiko.

Mabadiliko haya huenda kwa hatua, na ni vizuri kuzijua. Nyama ikifika nyuzi joto 50 hivi za selisiasi, nyuzi zake zinaanza kukaza. Kati ya 60 na 65 kolajeni yenyewe inajikunja, na kwa kuwa imeizunguka nyama pande zote, inaikamua. Ndiyo maana unaona maji yakitoka mengi ghafla na paja likisinyaa. Ikifika 70 nyama imebadilika rangi hadi ndani na vijidudu wengi wa hatari wamekufa, lakini ni ngumu kuliko ilivyokuwa saa moja kabla. Kwenye joto hilo kolajeni ndiyo kwanza inaanza kuyeyuka, tena polepole sana. Ikipita 80 kazi inachangamka, na paja halianzi kuachia mfupa mpaka katikati yake pakaribie 90 na pakae hapo kwa muda.

Sasa mfikirie yule aliyefunua baada ya saa nne. Alichokikuta ni nyama iliyokwama katikati ya safari: rangi imeshabadilika, maji yameshakamuliwa, kolajeni bado nzima. Akiitafuna anaona kavu na ngumu, akili inamwambia imepita kiasi, anazima. Kumbe ilikuwa inadai saa mbili zaidi. Naomba msomaji alishike hili kuliko yote: nyama ngumu kwenye sufuria ya taratibu karibu kila mara ni nyama ambayo bado haijafika. Moto mkali kwenye kikaango unaweza kuipitisha steki kiasi ndani ya dakika chache. Huku kwenye sufuria ya taratibu haraka hiyo haipo.

Kipimo chenyewe ni uma. Uchomeke sehemu nene kabisa, karibu na mfupa, halafu uzungushe nusu mzunguko. Uma ukigoma, na nyama ikataka kuzunguka nzima pamoja nao, funika uongeze saa moja. Nyuzi zikiachana na uma ukatoka bila kung'ang'ania, zima. Mwenye kipimajoto cha nyama atasoma kati ya 90 na 95, lakini mimi bado nauamini uma zaidi, kwa sababu joto linaweza kufika huku kolajeni ya mnyama mzee ikiwa bado inahitaji muda.

Kondoo wa kijitabu na kondoo wa Pugu

Vijitabu hivi, na mapishi mengi ya mtandaoni, vimeandikwa kwa watu wa Uingereza, Marekani au Australia. Kondoo wanayemzungumzia ni mwanakondoo ambaye kwa kawaida hajatimiza mwaka, aliyelishwa hadi akanona. Sisi kondoo wetu anashushwa mnada wa Pugu kutoka mikoa ya wafugaji, anachinjwa Vingunguti au kwingineko, na mara nyingi ni mnyama aliyekwisha kukua na kutembea sana malishoni. Wengi ni wa aina za kienyeji: kondoo mwekundu wa Kimasai, anayesifika kwa kustahimili minyoo, na yule mwenye kichwa cheusi na mwili mweupe. Ni wanyama wadogo wa umbo, na mafuta yao wanayarundika mkiani na makalioni.

Umri ndio unaobadilisha hesabu. Mnyama anapokua, nyuzi za kolajeni hufungamana zenyewe kwa zenyewe kwa vifungo ambavyo joto haliviachanishi kirahisi. Mapaja mawili yenye uzito sawa, moja la mwanakondoo na jingine la kondoo wa miaka mitatu, yanaweza kuwa na kiasi cha kolajeni kinachokaribiana, lakini la pili likadai muda mrefu zaidi kwa sababu ya vifungo hivyo. Misuli iliyofanya kazi sana, kama ya miguu na shingo, nayo ina utando mwingi kuliko ile ya mgongoni.

Kwa paja la kilo moja na nusu hadi mbili la kondoo aliyekua, mimi hupanga muda wa saa 9 hadi 10 kwa moto mdogo, au saa 6 kwa moto mkubwa, na siweki sahani mezani kabla ya kupima kwa uma. Kwa mkono, yaani mguu wa mbele pamoja na bega, muda haupishani sana lakini matokeo ni bora. Mkono una utando mwingi na mafuta yaliyosambaa katikati ya misuli, kwa hiyo hata ukizidisha saa moja haukauki. Paja lina nyama nene isiyo na mafuta mengi, linapendeza likikatwa vipande mezani, lakini halisamehe kama mkono. Ukiniuliza uanze na kipi, nitakwambia mkono, ingawa watu wengi wakisikia wageni wanakuja hukimbilia paja.

Kuhusu mbuzi, maana wengi jijini watampata mbuzi kirahisi kuliko kondoo: yote yaliyosemwa juu yanamhusu. Mbuzi ana mafuta machache zaidi ndani ya nyama, hivyo mpake mafuta ya kupikia kabla ya kumkaanga.

Kwa muuza nyama

Bucha zetu zimezoea kukata vipande. Usipowahi kusema, shoka limeshapita mara tatu kwenye gogo na paja lako limekuwa mchanganyiko.

"Kaka, huo mguu wa nyuma usinikatie. Niachie mzima."

"Mzima kabisa, dada? Utaingia kwenye sufuria?"

Swali lake ni la msingi. Pima chungu chako nyumbani kabla hujatoka. Sufuria ya lita tatu na nusu haimezi paja na muundi wake. Mwambie autenganishe muundi kwenye kiungo cha goti, kwa msumeno kama anao, kwa kuwa shoka hupasua mfupa na kuacha vijisehemu vidogo ambavyo baadaye vinakutana na jino la mtoto. Muundi usimwachie, una kolajeni nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya mguu huo, ukae ndani ya sufuria pembeni ya paja uutajirishe mchuzi. Mwambie pia apunguze mafuta ya nje. Mafuta ya kondoo ndiyo yanayobeba ile harufu ambayo wengine hawaipendi, na yakipoa kidogo tu yanaganda mdomoni. Achia utando mwembamba wa mafuta upande mmoja, mengine ondoa.

Jambo jingine ni siku ya kuchinja. Misuli ya mnyama hukakamaa saa chache baada ya kuchinjwa, na hubaki hivyo kwa siku moja hivi kabla ya vimeng'enya vilivyomo ndani ya nyama kuanza kuilegeza. Nyama tunayonunua asubuhi ya kuchinjwa, ambayo tunaisifu kwa ubichi wake, mara nyingi iko katikati ya ukakamavu huo. Kwa supu au kwa vipande vidogo si tatizo kubwa. Kwa paja zima, ukiliacha siku moja au mbili kwenye friji, si kwenye friza, utaona tofauti. Ndiyo maana Idi ya Kuchinja ina mpangilio mzuri kwa asili yake: siku ya kwanza maini, utumbo na supu, paja lisubiri kesho yake. Ukikimbilia kuigandisha nyama ya moto ileile iliyotoka kuchinjwa, misuli hukaza zaidi, na barafu ikiyeyuka hutoa maji mengi.

Vitufe viwili, joto moja

Wengi wanadhani kitufe cha moto mkubwa kinapika kwa joto la juu na kile cha mdogo kwa joto la chini. Kwenye sufuria nyingi za aina hii vyote viwili mwishowe hufika karibu pale pale, kwenye nyuzi 90 na kitu, chini kidogo ya kuchemka. Kinachotofautiana ni mwendo: moto mkubwa hufika haraka, mdogo huchukua saa nyingi. Kwa hiyo "moto mdogo" hauipi nyama joto la upole la ajabu. Unakupa nafasi ya kuwa mbali na nyumbani bila nyama kuwahi kuiva, basi.

Mwenye wazo la chombo hiki alikuwa mvumbuzi wa Chicago, Irving Naxon, aliyeomba hataza mwaka 1936 na kuipata mwaka 1940. Mama yake alimsimulia maisha ya Vilnius, Lithuania, ambako familia za Kiyahudi zilipeleka chungu cha nyama na maharage kwa muoka mikate Ijumaa kabla jua halijazama, kikalala ndani ya tanuri lililokuwa likipoa, kikatolewa kesho yake bila mtu kuwasha moto siku ya Sabato. Mwaka 1970 kampuni ya Rival ikanunua biashara ya Naxon, na mwaka uliofuata ikakiingiza sokoni kwa jina la Crock-Pot. Mpishi wa pwani ataitambua akili hiyo bila kufundishwa. Anayepalia wali, makaa machache chini na makaa juu ya mfuniko, anafanya kazi ileile ya kuzingira chakula kwa joto la kadiri na kukiacha kimalizane chenyewe.

Ndani ya chungu

Anza usiku. Kausha paja kwa kitambaa safi, lipake chumvi pande zote, lirudishe kwenye friji. Chumvi inapata muda wa kuingia ndani, na paja haliwi na ladha juu tu huku katikati likiwa chapwa. Kama utalipaka tangawizi na kitunguu saumu vilivyosagwa, fanya asubuhi, baada ya kulikaanga. Ukivipaka mapema vitaungua kwenye kikaango na kuleta uchungu.

Kukaanga juu juu ni hatua ambayo watu huiruka, na ladha ndiyo inayoumia. Ndani ya sufuria ya taratibu nyama imezungukwa na mvuke, na penye maji joto la juu ya nyama haliwezi kupita 100. Rangi ya kahawia na ile harufu ya nyama choma hutokea protini na sukari za nyama zinapokutana kwenye joto la 140 na zaidi, mabadiliko aliyoyaeleza mkemia Mfaransa Louis Camille Maillard mwaka 1912. Hayo yakupasa uyafanye nje. Paja likiwa kubwa kwa kikaango, liweke juu ya wavu wa jiko la mkaa lenye moto mkali, uligeuze pande zote mpaka lipate rangi, dakika kumi zinatosha. Ukaangaji huu haufungi maji ndani ya nyama kama inavyosemwa mara nyingi. Maji yatatoka tu. Kazi yake ni ladha na rangi, nayo ni kazi kubwa.

Maji ndipo tunapokosea zaidi, kwa sababu tumezoea sufuria iliyo wazi, au yenye mfuniko usiobana, inayopoteza mvuke muda wote. Hapa mvuke unapanda, unagonga kioo cha mfuniko, unageuka matone, yanarudi chini. Hakuna kinachopotea. Paja lenyewe litatoa maji yake zaidi ya unavyofikiria. Kikombe kimoja cha maji au mchuzi kinatosha kabisa kwa paja la kilo mbili. Na ukiweka nyanya na vitunguu vingi, nusu kikombe. Anayejaza maji mpaka yakafunika nyama anapika supu, na supu ni nzuri, ila si alichokuwa anakitafuta.

Viazi na karoti vinakwenda chini kabisa, vikigusa kuta za chungu, na nyama inalala juu yake. Inaonekana kinyume, lakini viazi havilainiki mpaka vikae kwenye joto linalozidi 85, na vikielea juu ya nyama vitabaki vinagonga meno wakati paja limeshaachia mfupa.

Viungo vizima vya pilau, yaani mdalasini, iliki, pilipili manga na bizari nyembamba, vinafaa sana kwa kondoo. Karafuu punguza. Saa tisa za joto huikamua karafuu mpaka mwisho, na punje mbili zinafanya kazi ambayo kwenye sufuria ya kawaida ingetaka tano. Tui la nazi lisiingie asubuhi, litakatika. Lile zito ulitie nusu saa ya mwisho. Kotmiri na ndimu mwishoni kabisa, wakati wa kupakua.

Halafu papai bichi. Kwa mishkaki ni msaada mkubwa, kila mchoma nyama mjini anajua. Kwenye sufuria ya taratibu usilitumie. Kimeng'enya chake, papaini, hufanya kazi kwa nguvu zaidi kwenye nyuzi 65 hivi, na hakifi mpaka joto lipande sana. Kwenye mkaa mshikaki unalivuka eneo hilo ndani ya dakika chache. Sufuria hii inalipitia taratibu, pengine kwa saa nzima au zaidi, na papaini yote muda huo inakula nyuzi za nje. Utapata paja ambalo juu limekuwa uji na ndani bado gumu, kwa kuwa papaini haikufika huko.

Ukishafunika, acha. Kila ukifunua, joto lililojikusanya linatoka mara moja na sufuria hii, kwa udogo wa nguvu zake, inahitaji dakika 20 au zaidi kulirudisha. Anayechungulia kila saa anajiongezea saa nzima mbili za kusubiri.

Umeme wa mtaani

Sufuria za aina hii hutumia kati ya wati 150 na 300. Ya wati 200 ikiwaka saa 10 mfululizo inakula uniti mbili. Kwa mwenye mita ya matumizi ya kawaida, uniti moja pamoja na kodi ni kama Sh 350, kwa hiyo paja zima linaiva kwa takriban Sh 700. Linganisha mwenyewe na mkaa utakaouhitaji kuchemsha paja hilohilo mchana kutwa. Serikali imeweka lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi, na mazungumzo mengi yamekuwa juu ya gesi na sufuria za presha za umeme. Sioni kwa nini chombo hiki kiachwe nje ya mazungumzo hayo.

Lakini umeme wenyewe una tabia zake. Sufuria nyingi za bei nafuu hazina kifaa cha kupima joto. Zina waya wa moto tu, na waya huo unatoa joto kulingana na volti inayofika kwako. Tena joto hushuka kwa kasi kuliko volti. Sufuria iliyotengenezwa kwa volti 230 ikipata 180, kama inavyotokea jioni kwenye mitaa yenye watu wengi kwenye transfoma moja, inatoa asilimia 60 hivi tu ya joto lake. Pishi la saa 9 linageuka la 12 au zaidi bila wewe kujua sababu. Ukiona taa za nyumbani zinafifia, weka moto mkubwa. Na hata siku ya umeme mzuri, anza na moto mkubwa kwa saa ya kwanza, kisha rudisha mdogo, ili nyama ipite haraka kwenye joto ambalo bakteria wanalipenda.

Joto hilo ni kati ya nyuzi 5 na 60. Ndani ya hapo bakteria huongezeka upesi, na baadhi yao huacha sumu ambayo hata ukichemsha baadaye haiondoki. Ndiyo sababu nyama iliyoganda kwa barafu haingii kwenye sufuria hii. Katikati yake itakaa saa nyingi kwenye eneo hilo. Iyeyushe kwenye friji tangu jana yake. Kwa sababu hiyohiyo, umeme ukikatika ukiwa nyumbani, usisubiri: hamishia nyama kwenye sufuria ya kawaida, bandika kwenye gesi au mkaa, umalizie hapo. Ukirudi kutoka kazini ukakuta umeme ulikatika na hujui ulikatika kwa muda gani, nyama ile imwage hata kama inanukia vizuri. Najua bei ya kilo ya kondoo, na bado nasema imwage.

Kwa waletewao sufuria na ndugu walioko Marekani: nyingi za huko ni za volti 120. Soma kibandiko cha chini kabla hujachomeka ukutani, la sivyo utapata moshi.

Je, presha haimalizi yote haya? Presha ya umeme hupandisha joto la maji hadi karibu 120, na kwenye joto hilo kolajeni inayeyuka kwa muda usiozidi saa moja na kitu. Inatumia umeme kidogo kuliko sufuria ya taratibu pia, hili lazima lisemwe wazi. Kwa makongoro, kwa maharage, kwa nyama ya mchanganyiko ya siku za kazi, mimi nachukua presha bila kufikiri. Kwa paja zima nachukua ile ya taratibu, kwa kuwa presha ikishafungwa huwezi kuchomeka uma, dakika kumi za ziada zinaweza kuigeuza nyama nyuzi tupu, na paja lenye mfupa wake mara nyingi halienei ndani. Halafu Ramadhani ina ratiba inayoifaa sufuria hii kabisa: unawasha saa mbili na nusu asubuhi, mchana unapumzika, adhana ya magharibi inakukuta chakula kiko tayari na jiko halina joto.

Nyama ikiiva, itoe, ifunike, iache dakika 15 kabla ya kuikata. Mchuzi uchuje kwenye bakuli, mafuta yatapanda juu, yachote kwa kijiko. Kama ni mwepesi, uchemshe peke yake kwenye sufuria ya kawaida bila mfuniko mpaka upungue, ndipo uonje chumvi. Ukionja kabla ya kupungua utajikuta umezidisha. Mabaki usiyaache mezani hadi usiku. Kwa joto la Dar, siku ikizidi nyuzi 32, saa moja ndiyo kikomo. Tenganisha nyama na mfupa, igawe kwenye vyombo vipana visivyo na kina, iingie kwenye friji. Kupasha upashie kwenye jiko la kawaida mpaka ichemke, kwa sababu sufuria ya taratibu hupandisha joto polepole mno kwa kazi hiyo.

Kuna jambo moja la mwisho ambalo halihusu kondoo, ila wengi wakishazoea sufuria hii hulifikia. Maharage mabichi, hasa yale mekundu makubwa, yana sumu ya asili ambayo punje nne au tano tu zisizoiva zinaweza kumtapisha mtu vibaya. Maji yanayotokota huivunja. Joto la chini ya hapo haliivunji. Kwa hiyo usimimine maharage makavu pamoja na nyama ukawasha moto mdogo. Yaloweke usiku, mwaga maji yale, yachemshe kwenye sufuria ya kawaida yatokote kwa nguvu dakika zisizopungua kumi, mwaga tena, ndipo yaende kukaa chini ya paja pamoja na viazi.